Sh 12,000 na ukuta wenye unyevu: shajara ya kupamba nyumba ya kupanga, Nyalenda

Jumamosi, 11 Januari

Zamu yangu ya chama, kikundi chetu cha kuchangishana pesa, ilifika jana. Sh 12,000 taslimu, na nimeshaamua hazitalipa deni wala hazitanunua kochi. Mama anakuja Machi. Amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho tarehe 4, jicho la kulia kwanza, na baada ya hapo atakaa kwangu miezi miwili mitatu ili awe karibu na kliniki. Vihiga, anakokaa, si mbali na Kisumu, lakini matatu, vumbi na jicho lililotoka kupasuliwa havipatani.

Alipokuja mara ya mwisho, Agosti, alisimama mlangoni akashika fremu kwa mikono miwili. Ilikuwa saa nane mchana. Akaniuliza, "Mama, mbona unakaa gizani?" Nikawasha taa. Akaingia akipapasa kwa mguu, akitafuta ukingo wa kochi langu la kahawia lililoegemea ukuta wa kahawia juu ya kapeti ya kahawia. Alikaa siku mbili akarudi nyumbani. Swali lile sijalisahau.

Kwa hiyo mradi huu ni wa sebule futi 10 kwa 12 na chumba kimoja cha kulala, nyumba ya kupanga hapa Nyalenda B, mtaa wa Kisumu, na una tarehe ya mwisho. Vumbi lote liwe limetoka kabla ya Machi kuanza.

Leo sikununua kitu. Nilikaa na daftari saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi, nikaandika mwanga unaingilia wapi na unapotelea wapi. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu, kwa hiyo jua lenyewe halifiki. Kinachoingia ni mwanga uliogonga ukuta wake kwanza. Huo mchache unamezwa na rangi ya mafuta, kahawia, iliyopakwa kutoka sakafuni hadi kiunoni kama darasani. Wenye nyumba wanaipenda kwa sababu haionyeshi uchafu. Pazia langu zito nalo linafunika robo ya kioo kila upande hata likiwa limefunguliwa.

Na ule ukuta wa nyuma. Rangi imebanduka kwa chini kama magamba ya samaki ngege anayeparuliwa, na ukigusa unabaki na unga mweupe kidoleni. Mwaka juzi niliupaka rangi ya mafuta mpya, Sh 1,800, nikifikiri nimeuziba. Miezi minne baadaye ulijaa malengelenge.

Jumapili, 12 Januari

Nimemwona mzee mwenye ploti baada ya kanisa. Nimemwomba ruhusa ya kukwangua na kupaka. Amekubali ila rangi iwe nyeupe au krimu, na kodi haitapungua. Nikamwomba gata, ule mfereji wa paa wa kukinga maji ya mvua, kwa upande wa nyuma, akasema ataangalia. Nimeandika tarehe.

Njiani nilipita dukani. Kijana wa duka alinionyesha zile stika za povu zenye sura ya matofali, za kubandika ukutani. Zinapendeza, sikatai, na nusu ya ploti hii wanazo. Lakini kwenye ukuta wenye maji zinafanya kilekile ilichofanya rangi yangu ya mafuta: zinafunga maji ndani. Jirani wa mlango wa tatu alibandua zake Novemba, nyuma yake kuvu mweusi umejaa kama masizi ya sufuria. Ana mtoto mwenye pumu. Ningekuwa na uwezo ningepita mlango kwa mlango kuwaambia watu wasizibandike kabla hawajajua ukuta unanyonya wapi maji.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya jembe.

Mpwa wangu, kijana wa dada, alikuja saa moja asubuhi. Tulizunguka nyuma ya nyumba tukatazama ukuta kwa nje, jambo ambalo kwa miaka minne sijawahi kulifanya. Kumbe udongo umerundikana kwa nje, futi nzima juu ya kiwango cha sakafu yangu ya ndani. Takataka za miaka, majivu, udongo uliochimbwa shimo la choo lilipopanuliwa, vyote vimeegemea ukuta wangu.

Mafundi wakijenga huweka karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ile wanayoiita DPC, ili maji ya ardhini yasipande kwenye matofali. Ukirundika udongo ukaipita ile karatasi kwa nje, umeyawekea maji daraja. Yanaruka karatasi na kuingia ukutani moja kwa moja. Nasi hapa Nyalenda tuko bondeni, udongo mweusi wa mfinyanzi, ukinyeshewa unakaa na maji wiki nzima. Halafu paa halina gata, kwa hiyo kila mvua inamwagika palepale, inachimba shimo na kurusha tope ukutani.

Tulichimba mpaka saa nane. Tuliushusha udongo mpaka inchi sita chini ya sakafu, urefu wote wa ukuta, tukachonga mfereji wenye mteremko kuelekea mtaro wa barabarani. Karatasi nyeusi tuliikuta, imejikunja kidogo kwenye kona lakini ipo. Nilifurahi kuiona kama nimeokota pesa.

Tatizo likaja hapo. Mfereji unapita mbele ya jiko la jirani, mama anayeuza omena, na ana haki ya kuuliza. "Mwalimu, maji yako sasa yatalala kwangu?" Nikamwonyesha mteremko kwa ndoo mbili za maji. Ya kwanza ilisimama katikati, mlangoni pake kabisa. Alinyamaza akanitazama. Tukachimba tena, tukaongeza kina kwa upande wa barabara, ndoo ya tatu ikapita bila kusimama. Ndipo akaleta sepetu yake mwenyewe, akasafisha sehemu iliyobaki hadi mtaroni. Kokoto toroli mbili za kuweka chini ya tone la paa, Sh 400. Skrepa na msasa karatasi nne, Sh 270.

Zimebaki Sh 11,330, na kazi kubwa kuliko zote katika nyumba hii imekwisha bila hata tone la rangi.

Jumapili, 19 Januari

Kukwangua. Tulilowesha ukuta kwanza kwa sponji na maji ya sabuni, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvutwa puani. Rangi ya chini ilitoka kwa mapande. Magamba tukayakusanya kwenye gunia. Mikono inauma, na plasta sasa iko wazi, ya kijivu, yenye mabaka meusi kama ramani.

Sasa ni kungoja. Jua la Januari na dirisha wazi mchana kutwa. Ule unga mweupe, ambao ni chumvi inayobebwa na maji kutoka ardhini, nitaupangusa kwa brashi kavu kila Jumamosi. Ukiosha kwa maji unayeyuka na kurudi palepale ulipotoka.

Jumapili, 2 Februari

Kibuye. Jumapili ndiyo siku yake. Soko linafurika mpaka barabarani. Nilienda saa kumi na mbili na nusu, marobota yakifunguliwa.

Siku hizi sinunui mapazia kwenye mtumba, nanunua mashuka. Shuka la vitanda vikubwa vya Ulaya lina upana wa kutosha dirisha zima na lina pindo tayari, na muuzaji analiuza kama shuka, wala si kama pazia. Nilichagua matatu ya pamba nyeupe, Sh 250 moja. Unalishika dhidi ya jua: likipitisha mwanga bila kuonyesha vidole vyako, hilo ndilo. Likionyesha vidole, jirani atakuona usiku. Kulabu na skurubu, Sh 120.

Fito ya pazia ni mwanzi wa nyumbani. Kaka ameniletea mmoja mrefu juu ya matatu. Nitaufunga inchi nane juu ya fremu, na uzidi dirisha kwa futi moja kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo chote kibaki huru. Mwanga huu ulikuwapo siku zote.

Sh 870 zimetoka. Sh 10,460.

Jumamosi, 8 Februari

Ukuta umekauka. Mabaka meusi yamefifia, na chumvi ya wiki hii ilikuwa kidogo mno.

Nimenunua mfuko wa chokaa wa kilo 25, Sh 650. Ni chokaa ya Koru, hapa hapa kaunti ya Kisumu, kule upande wa Muhoroni. Brashi pana, Sh 250. Glavu na miwani ya kinga, Sh 350, na hapo sikubania. Chokaa inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Ningewezaje kuiandaa nyumba kwa ajili ya macho ya Mama nikacheza na yangu? Mpwa nimemkataza kuingia sebuleni bila miwani.

Nimechagua chokaa kwa sababu inapumua. Unyevu kidogo utakaobaki utapita na kutoka, hautakwama nyuma na kusukuma malengelenge. Na chokaa haikauki tu kama rangi. Inavuta hewa ya kaboni iliyo angani na kurudi kuwa jiwe, taratibu, siku nyingi. Inataka plasta tupu. Juu ya rangi ya mafuta haishiki.

Niliiloweka jana usiku kwenye ndoo, leo asubuhi nikaichuja kwa kitambaa. Wengi huongeza chumvi ya mezani ili ishike. Mimi sikuweka, ukuta wangu umeshakula chumvi ya kutosha, na chumvi huvuta maji. Saa nne nikaanza kupaka, nzito kama uji, ili nimalize kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja tu. Saa sita ukuta mzima ulikuwa mweupe pe. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, kusema kweli.

Saa kumi na moja nikapitisha kiganja. Chokaa yote ikaja na kiganja. Sehemu nyingine imepasukapasuka kama tope la mtoni, na ukipuliza inaruka.

Jumapili, 9 Februari

Nilimpigia Mama simu, si kwa habari ya ukuta. Nilitaka kujua kama ameanza matone ya dawa. Lakini sauti yangu aliisikia. Nikamweleza.

"Uliulowesha?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Ukuta. Uliulowesha kabla ya kusiriba?"

Sikuwa nimeulowesha. Na mimi ndiye niliyekuwa nambebea maji kila Desemba! Kabla ya Krismasi kila mwanamke kwetu alisiriba nyumba yake upya: samadi na udongo kwanza, halafu udongo mweupe kwa juu na mwekundu au mweusi kwa chini, na mistari ya vidole kuzunguka mlango. Kazi yangu ilikuwa kibuyu na mfagio wa majani: narusha maji ukutani, Mama anafuata nyuma na kiganja. Ukuta mkavu, alisema leo kwenye simu, unakunywa maji yote ya udongo kabla udongo haujashikana na mwenzake. "Na usipake nzito. Paka kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Usiogope kama huoni kitu. Kesho utaona. Na paka jioni, jua likiwa limechoka."

Aliyasema hayo yote bila hata kuuliza chokaa ni nini. Anaujua ukuta.

Nimesugua chokaa yote ya jana kwa brashi kavu, nimefagia, nimepangusa kwa kitambaa chenye maji. Siku imekwenda hivyo. Chokaa iliyobaki kwenye ndoo nimeifunika kwa maji, haiharibiki.

Jumatatu hadi Alhamisi, 10 hadi 13 Februari

Kila jioni baada ya shule, saa kumi na mbili. Nalowesha ukuta kwa brashi mpaka ung'ae, nangoja mng'ao upotee, napaka chokaa nyepesi kabisa. Ikiwa mbichi ni kama hujapaka kitu, unaona plasta ya kijivu vilevile, na mkono unataka kuongeza. Nimeuzuia mkono. Asubuhi naamka na kukuta ukuta umepauka hatua moja. Jumanne ulikuwa kama majivu. Jumatano kama maziwa ya mgando. Leo Alhamisi mkono wa nne, na mchana, katikati ya kazi, naurushia maji kwa chupa ya kupulizia kwa sababu joto la Februari linakausha haraka mno.

Kiganja: unga kidogo sana, kama chaki ya ubaoni baada ya kufuta. Haupasuki. Kwa karibu hauko sawasawa, una mawingu mepesi pale brashi ilipogeuka, na nayapenda hayo mawingu. Rangi ya dukani ina uso mmoja. Huu ukuta una kina, na saa kumi jioni unapopata mwanga wa dirishani unakuwa kama ndani ya yai.

Jumamosi, 15 Februari

Kuta nyingine tatu hazina unyevu, kwa hiyo hapo rangi ya maji inatosha. Nyeupe isiyong'aa, lita 4, makopo mawili kwa Sh 2,900. Yasiyong'aa kwa makusudi: ukuta unaong'aa unarudisha mwanga kama kioo, na kwa jicho lililotoka kupasuliwa huo ni usumbufu. Kahawia ya mafuta nimeipiga msasa na kuipaka andakoti ya mafuta, rangi ya kutangulia, lita 1, Sh 650, ama sivyo rangi ya maji ingeteleza. Andakoti iliyobaki imeziba doa la maji kwenye dari. Doa la namna hiyo ukilipaka rangi ya maji peke yake linachungulia tena kesho yake. Rola Sh 300.

Zimebaki Sh 5,360. Chumba cha kulala tutakimaliza kesho kwa rangi iliyobaki, sina la kueleza zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Kiti cha Mama.

Kochi langu la watu watatu limechoka, na fundi wa viti karibu na Kibuye amenitajia Sh 9,500 kulifufua lote. Sina. Lakini kuna kile kiti cha mtu mmoja, mbao nzuri, kilichozama katikati. Nikamwambia fundi, nifanyie hiki tu. Sponji ngumu mpya Sh 1,300, ufundi Sh 500, na akakiongezea vipande vya mbao miguuni, inchi nne, bila malipo. "Mwalimu, mzazi akikaa chini sana, kuinuka ni vita." Ana mama pia.

Kitambaa, samawati nzito, mita 3, Sh 350 kila mita. Nimechagua samawati kwa sababu ukuta sasa ni mweupe na sakafu ni ya saruji. Mtu asiyeona vizuri hutafuta kitu kwa tofauti ya rangi kuliko kwa umbo. Kiti cha samawati nzito mbele ya ukuta mweupe kinaonekana toka mlangoni. Lile kochi la kahawia nimelitandikia shuka la tatu.

Kisha nikafungua sanduku la chini ya kitanda.

Vitambaa vya Mama vya kufuma. Kumi na vinne. Alinipa nilipoanza kazi, na kwa miaka yote nimeviona vya kizamani, vya sebule za wazee, nikaviacha humo vikageuka manjano. Leo nimeviloweka kwa sabuni na maji ya ndimu, nikavitandaza juani kwenye majani, nikavigeuza kila nusu saa. Jioni vilikuwa vyeupe. Nimekaa navyo karibu na dirisha nikavitazama jicho kwa jicho. Kimoja kina nyota ya pembe nane katikati, na kuizunguka safu za matundu madogo yasiyozidi punje ya mtama, mamia yao, na kila tundu limefungwa kwa mizunguko mitatu ya uzi. Mafundo hayaonekani mpaka ugeuze upande wa pili. Alifuma hivi usiku, kwa taa ya kandili, baada ya sisi kulala. Macho yale.

Vitatu vimekwenda juu ya kiti cha samawati, kwenye mgongo na mikono miwili. Nyeupe juu ya samawati: anajua kiti kinaanzia wapi na mkono unashika wapi. Vingine nimevitundika ukutani juu ya kitambaa cha samawati kilichobaki, mahali ambapo ningeweka picha ya kununua.

Sh 2,850 leo. Sh 2,510.

Jumapili, 23 Februari

Haraka haraka. Mkeka wa mafunjo, Sh 400, umefungwa ukutani nyuma ya viti kwa sababu chokaa bado inaacha unga kidogo mgongoni mwa mtu. Hauegemei ukuta, uko juu ya vipande vya mbao, Sh 100, ili hewa ipite nyuma. Bado una harufu ya ziwa.

Kikapu cha gugumaji, Sh 700, kwa wanawake wanaouza karibu na Dunga. Nilisita kwa bei, halafu nikakumbuka ni kazi ya mikono ya siku ngapi: wanayatoa ziwani, wanakausha mashina, wanapasua, ndipo wanasuka. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini na limekuwa likifunga ziwa letu tangu karibu mwaka 1990, wavuvi wakikosa pa kupitisha mashua. Kikapu hicho ni imara kuliko cha plastiki. Nimekiweka kando ya kiti cha samawati, kitupu.

Sh 1,310.

Jumamosi, 1 Machi

Taa. Nimetoa balbu ya zamani iliyofifia na kuweka mbili za LED za wati 9, Sh 360. Moja kama hiyo inatoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60, na tokeni za umeme hazitoroki. Moja iko darini. Ya pili nimeivutia waya na kishikio, Sh 350, nikaitundika nyuma ya bega la kushoto la kiti, juu ya kichwa, ndani ya kikapu kilichotoboka nilichokuwa nacho, ili iangaze mikono yake isimchome machoni.

Kizingiti cha mlango kina hatua ya inchi tano, saruji juu ya saruji, haionekani hata kwangu. Nimepiga mstari wa manjano ukingoni, kopo dogo Sh 200. Kapeti nimeiondoa kabisa. Chini yake kulikuwa na kuvu, na kona yake iliyokunjika ingemkwaza.

Kisha kufagia, kupangusa kila kitu kwa maji, mara mbili. Ndoo ya chokaa imefungwa na imehamia stoo ya jirani muuza omena. Sitaki hata chembe humu ndani.

Sh 400.

Jumatano, 5 Machi

Ilienda vizuri. Bandeji ilitolewa leo asubuhi hospitalini, wakampa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala, matone mara nne kwa siku, asiiname, asibebe kitu kizito.

Tulifika saa nane mchana. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akainua mguu juu ya mstari wa manjano akaingia. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha samawati. Hakukikalia kwanza. Alipita kando yake, akaweka kiganja ukutani, akakishusha polepole hadi chini karibu na sakafu, palepale palipokuwa pakibanduka. Akatazama kiganja.

"Mikono mingapi?"

"Minne, Mama. Jioni."

"Ndiyo."

Akakaa. Muda mrefu hakusema kitu, akiangalia dirisha, pazia, mikono yake mwenyewe. Halafu akavuta kile kitambaa cha mkono wa kulia, kile cha nyota, akakileta karibu na jicho jipya, akakipeleka mbali, akakirudisha.

"Hapa niliruka tundu," akasema. "Ona. Miaka yote hii na sikuliona."

Nilitazama. Sikuliona mpaka alipoweka ukucha.

Jumamosi, 8 Machi

Uzi wa kufumia, mweupe, mipira miwili, Sh 240. Sindano anayo, aliileta kwenye mkoba bila kuniambia. Atasubiri daktari amruhusu. Sasa hivi uzi uko kwenye kikapu cha gugumaji na anaushika tu.

Sh 160 zimebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya masika imeanza kweli. Jana usiku ilinyesha kuanzia saa tatu hadi alfajiri, mabati yakinguruma hata hatukusikiana. Nililala sebuleni nikiusikiliza ukuta.

Asubuhi nilitoka nje kwanza. Mfereji unatiririka, mwembamba na wa haraka, unapita jiko la jirani bila kusimama. Kokoto zimezuia tope kurukia ukutani, ila kwenye kona ile ambapo karatasi nyeusi imejikunja kuna maji yamesimama kidogo. Ndani, kona hiyohiyo, baka la unyevu upana wa kiganja changu. Nimelizungushia penseli na kuandika saa.

Saa kumi jioni baka lilikuwa limerudi nyuma inchi mbili kutoka kwenye penseli. Chokaa haijabanduka wala haijavimba, imekuwa ya kijivu ikiwa na maji na inarudi kuwa nyeupe inavyokauka. Kona nitaichimba upya mvua ikipumzika, niinyooshe ile karatasi. Mzee mwenye ploti nimemtumia picha ya baka na tarehe niliyomwomba gata, 12 Januari. Amejibu kwamba fundi atakuja Jumanne kupima.